Uvimbe wa kongosho: kupasua au kumeza vidonge?

Mamdogo wangu wa Makorora alikuwa akiamka alfajiri jasho linamtiririka, anatuita majina ya marehemu, ukimpa chai yenye sukari ya kutosha haikawii anarudi sawa anauliza mnanikodolea macho ya nini. Ramadhani ndo ilikuwa balaa, alasiri tu ameshapotea. Watu wakasema shetani, hospitali ya kwanza wakasema kifafa, vidonge akameza mwaka mzima, mpaka siku nesi mmoja akamchoma kidole palepale akiwa amezidiwa, mashine ikasoma sukari 2.1, imeshuka mno. Kumbe ana kauvimbe kwenye kongosho kanamwaga insulini, ile homoni ya kushusha sukari, amekula hajala kenyewe kanamwaga tu.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Ba'mdogo hataki kisu kabisa, anasema vivimbe hivi karibu 9 kati ya 10 si kansa na vingi havifiki hata sentimita 2, kwa nini tumpasue mtu kwa kitu kama punje ya mbaazi? Apewe diazoksaidi. Hapo kwenye kansa yuko sahihi, ila sukari ikishuka usiku mtu amelala peke yake inaua bila kuuliza kama ni kansa, na hiyo dawa inabana insulini tu, uvimbe uko palepale, miguu inajaa maji, wanawake wengine wanaota nywele usoni. Mi namuona mamdogo na ndevu, hapana jamani. Kwa mzee asiyeweza kuhimili upasuaji sawa, atumie.

Upasuaji unaponya kweli, daktari mpasuaji Roscoe Graham alitoa kamoja kule Toronto mwaka 1929 mgonjwa akapona. Lakini kongosho si kidole tumbo. Kakiwa juujuu wanakachomoa kenyewe tu, kakigusana na mfereji mkuu wa kongosho ukakachomoa hivyohivyo, maji ya kongosho yanavuja tumboni, ndo maana wanalazimika kukata kipande kizima, na wakikata kikubwa anaweza kupata kisukari, yaani tulilia sukari imeshuka tuje tulie imepanda!

Kinachonitisha mimi ni ile "tufungue tu tutakaona". Haka kanaweza kukaa kichwani, katikati au mkiani mwa kongosho, ukikata mkia kwa kubahatisha ni kamari. Kwa hiyo mi niko upande wa kisu, ila kwanza kaonekane kwa siti skani au altrasaundi ya kupitia mdomoni, na siku yenyewe wawe na altrasaundi humo humo thieta. Ba'mdogo nimemwambia akienda kliniki aulize moja tu, kako milimita ngapi kutoka kwenye mfereji.