Deni Lililopelekwa kwa Kaka: Haki na Wajibu wa Mwenye Ulemavu Anayeishi Kivyake

Nyumba ninayoizungumzia iko mtaa wa Langoni, hapa Amu (Lamu), na kisa chake ni cha kawaida kiasi kwamba huenda wasomaji wengi wakadhani nawasema wao. Mwanamke wa makamo, anayetembea kwa magongo tangu utotoni na anayejipatia riziki kwa kushona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, aliwaomba ndugu zake, baada ya arubaini ya baba yao, wamwachie chumba cha chini chenye mlango wa kutokea uchochoroni. Alitaka kupika chakula chake, kununua tokeni zake za umeme, kupokea wageni wake na kufunga mlango kwa ufunguo wake. Ndugu walikataa. Niliitwa mara mbili kusaidia suluhu, kwa kuwa marehemu alikuwa rafiki yangu, na mwishowe walimkubalia kwa majaribio ya miezi mitatu. Hoja nilizozisikia katika vikao vile ndizo ninazotaka kuzipima hapa, maana niliondoka nikiamini kuwa mwanamke huyu hakueleweka hata na wale wanaompenda.

Nianze na ndugu, kwa sababu hofu yao si ya kubuni. Walisema usiku ni mrefu, na mtu akianguka msalani saa nane za usiku hakuna ofisi ya serikali itakayomtuma mtu kuja kumwinua. Watakaoamshwa ni wao. Walisema mtungi wa gesi hauchagui wa kumlipukia. Kaka mkubwa, ambaye amemlea dada yake tangu mama yao alipofariki, alisema neno ambalo sikuwa na jibu lake pale pale: uhuru atakaoupata dada ni wa dada, lakini ukiharibika jambo, gharama italipwa na nyumba nzima. Na chini ya hayo yote kulikuwa na aibu, ile ambayo kila mtu wa mji huu anaijua, kwamba watu watakaoketi barazani watasema baba yao hajaoza kaburini na tayari wamemtupa dada yao kilema kwenye chumba cha chini. Anayezidharau hoja hizi hajawahi kumuuguza mtu. Katika nchi ambayo familia ndiyo bima, ndiyo hospitali ya usiku na ndiyo ofisi ya ustawi wa jamii, si haki kuiambia familia iwachie tu na isiulize maswali.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hofu hiyo imejengwa juu ya kosa la maana. Ndugu walisikia «kujitegemea» wakaelewa «kuwa peke yake». Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika ibara yake ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali atakapoishi na atakayeishi naye, kama watu wengine, asilazimishwe mpangilio fulani wa maisha, na kwamba apate msaada wa kumwezesha kuishi katika jamii. Haki na msaada vimewekwa katika ibara moja kwa makusudi. Mmarekani Ed Roberts, ambaye jina lake hutajwa kila inapoelezwa historia ya jambo hili, alipooza kwa polio akiwa na miaka 14, na alipoanza masomo katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1962, aliishi katika hospitali ya chuo kwa sababu mabweni hayakufaa kuwekwa mashine kubwa iliyomsaidia kupumua. Mtu huyo hakuweza kujivika shati. Lakini yeye ndiye aliyeamua nani amvike, saa ngapi, na aende wapi akishavikwa, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa walioanzisha pale Berkeley kituo cha kwanza cha kuwasaidia wenye ulemavu kuishi kwa kujitegemea. Idara ya jimbo iliyokuwa imemhesabu kuwa hataweza kufanya kazi yoyote ndiyo aliyokuja kuteuliwa kuiongoza mwaka 1975.

Wapo waliosema mle kikaoni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao, na sihitaji kutoka nje ya Amu kueleza kwa nini. Mji huu wa mawe umejengwa kwa fikra ya kuishi kivyako ndani ya ukoo. Tangu zamani wazee wenye uwezo wamewatengea mabinti zao nyumba au orofa wanapoolewa, na nyumba za jamaa zimekaribiana hata nyingine zikaunganishwa kwa daraja juu ya uchochoro. Binti ana ngazi yake na jiko lake, na bado sauti ya mama inamfikia. Hakuna aliyewahi kusema kwamba binti huyo ametupwa. Binti mwenye ulemavu, ambaye mara nyingi hakuposwa, ndiye aliyerukwa na desturi hiyo, akabaki mgeni wa kudumu katika orofa ya mwingine. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 61, kipofu, kiguru na mgonjwa wametajwa pamoja na watu wengine wote katika habari za kula kwenye nyumba zao na za jamaa zao, na nyumba ambazo mtu anazo funguo zake, na mwishoni ikasemwa kwamba hapana ubaya kula pamoja au mbalimbali. Anayetaka mlango wake bado anaweza kula wali wa Ijumaa kwa kaka yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika mwezi wa pili wa majaribio, mwanamke yule alikopa unga na uzi dukani, jumla shilingi 1,340, akaahidi kulipa akiuza kofia iliyokuwa mkononi. Siku ya ahadi ikapita kwa siku nne. Mwenye duka hakumwendea. Alimngoja kaka yake nje ya msikiti baada ya alasiri, akamweleza kwa upole, na kaka akatoa pesa papo hapo. Kesho yake mwanamke akaenda dukani na noti zake mkononi, akaambiwa deni limekwisha. Aliniambia kwamba ngazi za nyumba ile, alizozipanda kwa matako utoto wake wote, hazijawahi kumuuma kama noti zile alizorudi nazo nyumbani.

Wanaume wawili wema walifanya jambo la huruma, na kwa jambo hilo wakamfuta katika orodha ya watu wazima. Tunapozungumza juu ya wenye ulemavu tunapenda kuhesabu haki: kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinachotaja heshima, utu na njia ya kufika kila mahali, sheria ya mwaka 2003 iliyokataza jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu, sheria mpya ya mwaka 2025 iliyochukua nafasi yake. Vizuri. Lakini utu uzima hauji kwa haki peke yake. Unakuja pia kwa kudaiwa, kuonywa, kukosea hesabu na kuirekebisha, kushtakiwa ukivunja ahadi. Asiyeweza kudaiwa hawezi kukopeshwa, na asiyekopeshwa hawezi kufanya biashara. Baada ya deni lile kulipwa na kaka, mwenye duka angemkopesha nani mara nyingine, dada au kaka?

Waislamu tunakumbuka Sura ya Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu Ibn Umm Maktum, na kwa kawaida tunaisoma kama somo la kuwahurumia wasioona. Hatuikumbuki sana riwaya nyingine inayosimuliwa juu ya sahaba huyo huyo. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza njia. Akaruhusiwa, kisha alipogeuka kuondoka akaitwa na kuulizwa kama anausikia mwito wa sala. Alipojibu kwamba anausikia, akaambiwa basi auitikie. Wanazuoni wamejadili hukumu inayotokana na riwaya hiyo, na hilo nawaachia wao. Ninachokiona mimi ni kwamba kipofu yule alichukuliwa kuwa mtu wa kuulizwa swali na kubeba jibu lake. Ni yeye pia aliyekuwa mwadhini, na aliyeachiwa Madina kuwasalisha watu Mtume aliposafiri.

Serikali nayo ina picha yake ya mwenye ulemavu, na picha hiyo inaonekana katika namba mbili ambazo sijaweza kuzitoa akilini. Ya kwanza ni shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku, kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Zimekusudiwa kaya maskini yenye mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote, na mpango mzima umesimama juu ya mlezi, ambaye kwa kawaida ndiye anayepokea. Ya pili ni shilingi 150,000 kwa mwezi, kiwango cha mapato ambacho mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti anaweza kusamehewa kodi yake. Tazama watu wawili waliomo katika namba hizo. Mmoja analishwa, na pesa zinapitia mkononi mwa mwingine. Wa pili ana mshahara, ana hati ya malipo na ofisi. Mshonaji wa kofia wa Langoni hayumo katika yeyote kati yao. Anapata kidogo mno kwa msamaha wa kodi kumfaa kitu, na anajiweza mno kuhesabiwa kuwa wa kuangaliwa usiku na mchana. Mbaya zaidi, kila hatua anayopiga inakuwa ushahidi dhidi yake: akijifunza kupika kwenye jiko lililoshushwa chini, akajiogesha, akaishi na ufunguo wake, amethibitisha kwamba hahitaji mlezi, na fedha zilikuwa za mwenye mlezi. Bado anamlipa kijana anayemletea maji. Bado anawalipa wawili wanaomshusha ngazi za gatini siku ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa sababu boti haingoji na ngazi zile hazikujengwa kwa ajili ya magongo.

Nitajibiwa kwamba mlezi ndiye aliyeacha kazi zake ili akae nyumbani, kwa hiyo pesa ni haki yake. Ni kweli, na mama aliyeacha kusuka makuti ili amgeuze mwanawe kitandani anastahili zaidi ya 2,000. Lakini hilo ni fungu lake mama, na fungu la mwenye ulemavu ni lingine. Uswidi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994, humkadiria mtu mwenye ulemavu mkubwa saa za msaidizi, na mtu huyo anaweza kumchagua msaidizi wake au kumwajiri mwenyewe. Bajeti ya Uswidi hatuna. Kumpa mtu mzima pesa zake mkononi mwake, hata zikiwa chache, hakuhitaji bajeti ya Uswidi.

Pana mahali ambapo hoja ya ndugu inanizidi nguvu, nami sitaki kupita hapo kwa haraka. Mwanamke niliyemweleza ana akili yake timamu na hesabu yake ni nzuri kuliko yangu. Vipi kijana ambaye ulemavu wake ni wa akili, ambaye ataweka alama ya kidole kwenye karatasi yoyote atakayopewa na mtu anayecheka naye? Katika mji ambapo bei ya nyumba za kale imevutia wanunuzi wa mbali, hatari hiyo ni ya kweli. Ibara ya 12 ya Mkataba inataka mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe, na nakiri kwamba mpaka kati ya mawili hayo ni mwembamba sana usiku mtu anapokuja na hati ya kuuza. Ninachokikataa ni kuufanya mfano huo mgumu uwe kipimo cha wote. Upofu na ulemavu wa miguu havimo katika sababu za kumzuilia mtu mali yake, si katika sheria za nchi wala katika fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, lakini fungu la urithi la dada yule lilikuwa likishikwa na kaka tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza. Na hata kwa kijana yule, kuna maamuzi mia ya siku ambayo hayauzi nyumba: ale nini, avae nini, alale saa ngapi, akae baraza gani.

Wajibu wa upande wa pili nao upo, na mwanamke yule aliukubali kabla hatujamtajia. Mtungi wa gesi aliuweka nje ya dirisha na mpira wake akaupima. Kijana wa maji analipwa kila Alhamisi bila kuzungushwa, kwa kuwa msaidizi ni mfanyakazi, thawabu hazimlipii chakula. Simu hailali bila chaji. Kwa mwenye duka alikwenda mwenyewe, akaomba jina la kaka lifutwe katika daftari na liandikwe lake, na akaomba akichelewa tena aambiwe yeye, hata kama ni mbele za watu. Noti zile alimpelekea kaka, naye baada ya kubishana sana akazipokea.

Miezi mitatu imekwisha na bado yuko chumba cha chini. Kilichobaki ni ufunguo wa pili. Kaka anataka ukae kwake, kwa ajili ya usiku. Dada amempa jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenzake, aliyemchagua mwenyewe, na hataki kuuhamisha. Nimeitwa kwa kikao cha tatu, na safari hii nimewaambia mapema niko upande gani.