Kabla ya kupiga rangi kalipa, iangalie pedi ya ndani

Pedi ya nje ya breki ilikuwa na nyama ya kutosha, milimita saba hivi. Ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama kadi ya mwaliko wa harusi, na pembeni chuma kilishaanza kung'aa. Pedi hizo zinakaa kwenye kalipa moja, kile chuma kinachozishika, zinabana diski moja inayozunguka pamoja na tairi, na zilifungwa siku moja. Nilizikuta hivyo Jumamosi moja ya Novemba, nimepiga magoti uani kwangu Tegeta, na wala sikuwa nimeshuka pale kutengeneza breki. Nilikwenda kupiga rangi.

Tangu siku hiyo natetea kwa nguvu jambo ambalo mafundi wengi na wazee wengi wanaliona la kitoto: mwenye gari apige rangi kalipa zake mwenyewe, nyumbani, kwa mikono yake. Rangi haiongezi nguvu ya breki hata chembe, hilo naliweka wazi mapema. Lakini huwezi kuipaka ikakaa bila kuvua tairi, kusugua kutu, kugusa kila pembe ya kalipa na kukaa nayo saa nzima uso kwa uso. Na breki ukikaa nayo saa nzima, itakuonyesha ilivyo.

Gari langu ni Toyota IST, gari ambalo Dar es Salaam huwezi kupita mtaa bila kuliona. Mbele ina diski, nyuma ina dramu, aina ya breki isiyo na kalipa, kwa hiyo kalipa za kupaka ni mbili tu. Lilikuja na kutu yake kutoka Japani, ambako sehemu zenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kisha likaja kuishi na upepo wa bahari wa huku kwetu. Kalipa zake ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu hakina siri: kutu ilikuwa imezivika koti la kahawia lenye magamba, nikikwangua kwa ukucha inabanduka.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa gereji. Fundi alichuchumaa, akamulika kwa simu kupitia matundu ya rimu, akainuka. "Bosi, pedi bado nzima, wewe tembea tu." Hakusema uongo. Pedi aliyoiona ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kupitia rimu unaiona pedi ya nje peke yake, na kwenye kalipa za magari yetu mengi ya kawaida ya ndani ndiyo inayoweza kuisha kimyakimya.

Nieleze inavyokwenda, maana watu wengi wanaendesha miaka ishirini bila kuelezwa. Kalipa ya aina hii ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inaisukuma pedi ya ndani ibane diski, halafu mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Kila kitu kinategemea zile pini ziteleze. Pini ikishika kutu, au kipira chake kikipasuka na maji yakaingia, kalipa inagoma kusogea. Pedi ya ndani inabeba karibu kazi yote, na hata ukiachia pedali inaweza kuendelea kukwaruza diski. Pini yangu ya chini, upande wa kushoto, ilibidi niizungushe kwa spana huku nikiivuta ndipo ikatoka. Ilikuwa na rangi ya kahawa, kavu kabisa, bila dalili ya grisi.

Na kazi ambayo breki inafanya si ndogo. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,300 na watu wake, kwenye kilomita 80 kwa saa. Kulisimamisha mara moja tu kunazalisha joto la kuweza kuchemsha lita moja ya maji ya kawaida ya bombani. Mara moja. Sasa hesabu umekanyaga mara ngapi kutoka Bunju mpaka Posta.

Kwa hiyo Jumamosi ile rangi ilisubiri. Nilikwenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kununua pedi mpya za pande zote mbili, kulia na kushoto, maana hazibadilishwi upande mmoja. Nikanunua na grisi ya silikoni kwa ajili ya pini. Ile grisi ya kawaida ya bearingi usiitie humo, inavimbisha mipira. Petroli nayo vilevile. Najua gereji nyingi wanaosha kalipa kwa petroli na brashi, na inasafisha kweli, lakini kile kipira kinachoizunguka pistoni hakikutengenezwa kuoga mafuta. Tumia dawa ya kusafishia breki, ile ya kopo la kupuliza, au maji ya sabuni na subira.

Vumbi la breki usilipulize, si kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na pedi ya bei ya kutupa isiyo na jina huwezi kujua ina nini. Lilowanishe kwanza. Kijana wangu wa miaka kumi alikuwa ananishikia taa, nikamwambia arudi nyuma mpaka nimalize kulowanisha. Hilo sikulifanyia mzaha.

Kupaka kwenyewe ni rahisi. Legeza nati tairi likiwa bado chini, piga jeki, kisha egemeza gari kwenye stendi, kwa sababu jeki peke yake si ya kuikabidhi maisha yako. Sugua kwa brashi ya waya mpaka magamba yote yatoke, pitisha msasa, osha, acha ikauke kabisa. Mpira wa oili ya breki usiufungue. Ukiufungua umejiongezea kazi ya kutoa upepo, na kama hujawahi kuifanya, siku ya kupiga rangi si siku ya kujifunza. Ukiifungua kalipa kutoka mahali pake, itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Na kama kuna mahali oili inavuja, acha rangi, katafute fundi: hiyo oili inamenya rangi kama maji ya moto yanavyomenya nyanya, na breki inayovuja haihitaji kupendezeshwa.

Ziba kwa tepu ya karatasi kila kisichotakiwa kupakwa: mipira, nipo ya kutolea upepo, diski, na mahali pedi zinapoteleza. Pini ziache kabisa. Uso wa habu unaokutana na rimu pia uache, ule unatakiwa kugusana chuma kwa chuma.

Mimi ni mtu wa brashi. Wanaopenda kupuliza watanipinga, lakini uani kwangu upepo wa bahari haulali, na rangi ya kupuliza inaruka mpaka kwenye diski na kwenye bodi ya jirani. Mkono wa kwanza mwembamba, unasubiri kadiri kopo lilivyoandikwa, mkono wa pili, wa tatu. Rangi iwe ya kalipa au ya injini, inayostahimili joto. Rangi ya mafuta ya kupakia mlango itageuka rangi, itanuka, kisha itapasuka. Kuna wanaokimbilia rangi ya ekzosi kwa kuwa imeandikwa nyuzi 600 na zaidi, wakidhani joto kubwa ndiyo ubora. Nyingi za rangi hizo zinahitaji kuiva kwa joto kali ndipo zigande, na kalipa ya gari la mjini hailifikii joto hilo, kwa hiyo inabaki laini na inakwanguka.

Kuhusu rangi gani, wengi wanataka nyekundu, na naelewa inakotoka. Brembo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961 karibu na Bergamo, Italia, ndiyo iliyotuzoesha kuona kalipa nyekundu nyuma ya rimu. Mitsubishi Lancer Evolution zilianza kuja nazo kwenye toleo la tano, mwaka 1998. Subaru Impreza WRX STI nyingi zina za rangi ya dhahabu. Porsche wamefika mbali zaidi, kwao rangi ni lugha: njano maana yake diski ni za seramiki, kijani kibichi maana yake gari ni la umeme na mafuta. Paka rangi unayoipenda, ni gari lako. Mimi nilichagua kijivu cha mkaa.

Ninachokipinga waziwazi ni yale makava ya plastiki yenye jina la kampuni kubwa, yanayogandishwa juu ya kalipa. Yanaficha kile hasa tunachotakiwa kukiona. Kutu iko chini, pini imekufa chini, na juu kuna plastiki nyekundu. Ukiuziwa gari lenye kitu hicho, livue hilo kava kabla hujalipa.

Kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukifunga pedi mpya, pistoni imerudishwa ndani, na ukisahau, mguu utazama hadi chini wakati gari limeshaanza kutembea. Nati zikaze kwa kuruka upande hadi upande, na baada ya kilomita chache zirudie.

Desemba tulikwenda Iringa. Kupanda si kitu, mtihani wa breki ni kurudi, pale Kitonga, kona juu ya kona, malori mbele yako yanashuka polepole na harufu ya breki zao inaingia mpaka ndani ya gari. Nilishuka kwa gia ya chini, nikikanyaga na kuachia. Tulipofika Ruaha Mbuyuni mama watoto alishuka kununua vitunguu, mimi nikazunguka nikachungulia tairi za mbele. Nikasogeza kiganja karibu na rimu, kushoto kisha kulia. Joto lilikuwa sawasawa pande zote mbili.

Jirani yangu ameshaniomba lile kopo lililobaki, lina rangi kama nusu. Nimemwambia, "Baba Salma, njoo nalo gari Jumapili asubuhi, ila kopo tutalifungua mwisho."