Panya Amepona, Mgonjwa Je?

Jani limepondwa, maji yake yamekamuliwa kwenye kidonda, na baada ya siku kumi kidonda kimefunga. Kwa anayeliamini jani, kesi imekwisha. Ila kidonda kidogo cha mtu mwenye afya hufunga chenyewe, jani liwepo lisiwepo.

Maabara hujaribu kutenganisha hayo mawili. Panya hupigwa ganzi, hunyolewa mgongoni, kisha hukatwa kipande kidogo cha ngozi. Kundi moja hupakwa mmea uliochanganywa na mafuta mazito, la pili mafuta hayo matupu, la tatu dawa ya hospitali. Mimi nikisoma matokeo huanzia kundi la pili. Kidonda kilichobaki na unyevu hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikauke, kwa hiyo asiye na kundi hilo huenda anausifu mmea kwa kazi ya mafuta.

Halafu kuna panya mwenyewe. Chini ya ngozi yake pana tabaka la msuli linalovuta kingo za kidonda zikutane. Sisi hatuna tabaka hilo sehemu kubwa ya mwili. Kidonda chetu hujaa nyama mpya kutoka chini, ndipo ngozi itambae juu yake. Dawa inayomfaa panya inaweza kutuacha na donda letu.

Mshubiri umewahi kuaibika hivyo. Mwaka 1991 ulichapishwa Marekani utafiti wa wanawake 21 waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyoachwa wazi vijae vyenyewe. Waliopata matibabu ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Walioongezewa jeli ya mshubiri, siku 83. Mtetezi wa mshubiri atasema watu 21 ni wachache, na jeli ya kiwandani si utomvu wa jani lililokatwa sasa hivi. Hapo ana hoja.

Lakini mmea ukipimwa kwa haki unaweza kushinda. Gome la betula, mti wa nchi za baridi, limetoa jeli ya Filsuvez, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022 kwa ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kwa mguso mdogo tu. Katika jaribio la wagonjwa 223, kidonda kilichochaguliwa kilifunga ndani ya siku 45 kwa asilimia 41 ya waliopakwa jeli hiyo, na kwa asilimia 29 ya waliopakwa jeli isiyo na gome. Si muujiza, ila ni tofauti inayoonekana.

Kosa la watafiti wengi ni kuloweka majani kwenye spiriti kisha kutoa hukumu juu ya dawa ambayo mganga huitengeneza kwa maji. Waanze kwa kumtazama akifanya kazi. Wapime pia vijidudu kwenye majani mabichi, maana udongo ulioyashika unaweza kubeba pepopunda. Na kama mganga huosha kidonda kwa maji ya chumvi kabla ya kupaka, liwepo kundi la nne linalooshwa tu, bila jani.