Mpeni Mwanafunzi Faili, Si Karatasi Tupu

"Eleza matumizi matano ya BLAST. Alama 10."

Swali hili kuhusu BLAST, programu ya kutafuta mifuatano ya DNA au protini inayofanana, limerudi tena katika karatasi za mtihani wa shahada ya kwanza ya bayoinfomatiki (uchambuzi wa data za kibayolojia kwa kompyuta) zinazozunguka huku Magharibi mwa Kenya, na linaniuma. Mwanafunzi hukariri usiku, humwaga asubuhi, hupata 9, na bado hawezi kusoma mstari mmoja wa faili ya VCF, ile inayoorodhesha mabadiliko ya DNA ya mtu. Kisha tunajaza ripoti kwamba malengo ya kozi yametimia. Yametimia wapi?

Wahadhiri wenzangu, tupime ujuzi wenyewe. Tuchukue selimundu, ugonjwa unaofahamika sana majumbani kuanzia Siaya hadi Busia. Chanzo chake ni herufi moja katika jeni ya HBB, inayotengeneza sehemu ya himoglobini: GAG inakuwa GTG. Data ziko wazi, tena za hapa nyumbani: mradi wa 1000 Genomes ulisoma DNA za Waluhya wa Webuye, na yeyote anaweza kuzipakua. Kata kipande cha kromosomu ya 11 chenye jeni hiyo, kitie kwenye fleshi pamoja na programu zinazohitajika, kila mwanafunzi apewe faili yake na saa 3. Bando halihitajiki, na stima ikipotea, laptopu iliyochajiwa itaendelea. Swali ni moja tu: mwenye DNA hii ana nakala ngapi za badiliko la selimundu, nawe umejuaje?

Hapo ndipo aliyekariri na aliyeelewa wanapoachana njia. Vitabu husema A imekuwa T, lakini faili inaonyesha T imekuwa A, kwa sababu HBB husomwa kwenye uzi wa nyuma wa DNA, ambako A hukabiliana na T ya uzi wa mbele. Asiyelijua hilo ataripoti kwamba badiliko halipo. Halafu kuna toleo la jenomu ya rejea, yaani ramani ya DNA inayotumika kuhesabu nafasi: katika GRCh38 herufi hiyo iko nafasi ya 5227002, katika GRCh37 iko 5248232. Ukichanganya matoleo unatua herufi 21,230 mbali, nje kabisa ya jeni. Na atakayehamishia nafasi hiyo kwenye faili ya BED, ya kuorodhesha maeneo ya jenomu, akasahau kwamba BED huanza kuhesabu kwenye sifuri, atakuta C mahali pa T. Hata kodoni yenyewe (zile herufi tatu, GAG) huitwa ya 6 kwa hesabu ya zamani na ya 7 ukihesabu ile ya kuanzia.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa kina cha usomaji, yaani herufi moja imesomwa mara ngapi. Mhadhiri atengeneze faili moja iliyoandikwa 1/1, yaani nakala zote mbili zina badiliko, mtu ni mgonjwa, lakini nafasi hiyo iwe imesomwa mara 3 tu. Mbebaji wa kawaida, mwenye nakala moja tu yenye badiliko, akisomwa mara 3, kuna nafasi 1 kati ya 8 kwamba zote tatu zitaonyesha nakala yenye badiliko. Jibu sahihi ni "data hazitoshi, rudia kipimo". Mwanafunzi anayethubutu kuandika hivyo apewe alama zote, maana kesho ndiye atakayekuwa nyuma ya majibu ya mtoto wa mtu.

Katika alama 30, jibu lichukue 10. Ishirini zilizobaki ziende kwa kumbukumbu ya amri alizotumia na maelezo ya kila uamuzi.

Nakubali, nadharia ina nafasi yake. Iachiwe alama chache. Nakubali pia kwamba kusahihisha hivi kunachosha. Lakini hata darasa la wanafunzi 80, kila mmoja akihojiwa dakika 5 kuhusu faili yake, ni dakika 400, chini ya saa 7. Hizo dakika 5 ndizo zitakazomfichua aliyeandikiwa kazi na rafiki au na akili unde.

Na swali la BLAST lisifutwe. Mpe mfuatano mmoja autafute katika hifadhi mbili, ya pili ikiwa kubwa mara 10, kisha aeleze kwa nini thamani ya E (idadi ya ulinganisho mzuri kiasi hicho unaotarajiwa kutokea kwa bahati tu) ya ulinganisho uleule imepanda karibu mara 10.