Nunua kamera mbili za kawaida kabla ya moja ya kifahari

Mtu akishaamua kuanza kupiga picha za harusi kwa malipo, swali lake la kwanza huwa ni kamera ipi iliyo bora. Jibu langu halibadiliki, na najua haliwafurahishi wengi. Fedha uliyotenga kwa kamera moja kubwa, inunulie mbili za kiwango cha kati, zinazofanana, kila moja ikiwa na nafasi mbili za memori kadi. Ukimaliza hapo tuzungumze lenzi, kisha flashi. Toleo jipya linalotangazwa kila kona lisubiri zamu yake.

Picha za studio zina nafuu: kamera ikigoma, mteja anarudi kesho. Harusini pete inavishwa mara moja tu, na mama mzazi analia mara moja tu. Huwezi kumgusa bega ukamwomba alie tena kwa sababu kamera yako imeganda. Na kamera hufa, hata ile ya bei mbaya. Shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapobofya, hukatika, pini ndani ya nafasi ya kadi hupinda, mtu hupita na glasi ya juisi na kuimwaga pale pale ulipo. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 na Nikon D750 ya mwaka 2014, ambazo bado ziko mikononi mwa wapiga picha wengi, shata zake zilipimwa kwa mibofyo 150,000. Kwa anayepiga picha 2,000 kwa harusi, hizo ni harusi 75. Tena namba hiyo ni makadirio ya kiwandani tu: nyingine huvuka mbali, nyingine hukatika mapema, na hakuna inayokupa taarifa siku moja kabla. Kwa hiyo ukinunua kamera iliyotumika, uliza imeshabofya mara ngapi kabla hujauliza bei.

Kadi nazo hufa, na hufa kimya kimya. Unapiga kutwa nzima, unarudi nyumbani, unaichomeka kwenye kompyuta, inakuambia haisomeki. Kamera yenye nafasi mbili inaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka nafasi ya pili ifanye. Wapo wanaoiacha iwe ya akiba, kadi ya kwanza ikijaa ndipo ianze kutumika. Kwa harusi siikubali kabisa. Nunua kadi kubwa zaidi, picha iandikwe mara mbili.

Mwaka 2018 Nikon walipotoa Z6 na Z7, na Canon wakatoa EOS R, zote tatu zilikuja na nafasi moja ya kadi. Wapiga picha wa harusi walilalamika sana, na walikuwa na haki. Mwaka 2020 Nikon walitoa Z6 II na Z7 II zenye nafasi mbili, na mwaka huohuo Canon wakaleta R6 yenye nafasi mbili za kadi za SD. Sony A7 III ya mwaka 2018 tayari ilikuwa nazo mbili. Sasa hizo za nafasi moja zinauzwa mitumba kwa bei inayovutia macho, na kwa mandhari, kwa safari, kwa picha za watoto wako, ni kamera nzuri sana. Kwa harusi ya mtu aliyekulipa, hapana. Hata kwenye zenye nafasi mbili, chunguza nafasi zenyewe: 5D Mark III ina moja ya kadi za CF, aina nyingine ya kadi, na moja ya SD, na ile ya SD ni ya mwendo wa zamani, hivyo ukiandika kote kwa pamoja kamera nzima inatembea kwa mwendo wa SD. Ukibofya mfululizo wakati maharusi wanatoka mlangoni, itakufanya usubiri.

Kwa nini zifanane? Kwa sababu siku ya harusi mkono unafanya kazi bila kuuliza kichwa. Kitufe kikiwa mahali pamoja kwenye kamera zote mbili, kidole kinakifikia chenyewe. Betri ni zilezile, chaja ni ileile, kadi ni zilezile. Na kubwa kuliko yote, rangi ya ngozi inatoka sawa. Anayechanganya majina mawili ya kamera anajua usiku anaoupoteza akijaribu kufanya uso wa bibi harusi kwenye picha moja ufanane na uso huohuo kwenye picha inayofuata. Asubuhi, kabla hamjaanza, linganisha pia saa za kamera zote mbili. Zikipishana dakika chache tu, ukizichanganya picha kwenye kompyuta utawakuta maharusi wanakata keki kabla ya kuingia ukumbini.

Kuhusu megapikseli nitasema machache. 24 zinatosha. Hizo ni pikseli 6,000 kwa 4,000, na ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 50 kwa 33 bila kunyoosha chochote. Albamu nyingi ni ndogo kuliko hapo. Ukienda 45 na kuendelea, unachonunua kwa hakika ni diski zaidi za kuhifadhia na saa zaidi za kusubiri kompyuta.

Na kama mfuko hauruhusu kamera mbili za fulu fremu, yaani zenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande kinachonasa picha), nenda kwenye sensa ndogo ya APS-C kwa moyo mweupe. Fujifilm X-T2 ya mwaka 2016 ina nafasi mbili za kadi. Ukiweka lenzi ya milimita 23 kwenye moja na ya 56 kwenye nyingine, unaona karibu kilekile anachoona mwenye fulu fremu kwa 35 na 85. Gizani chenga, zile punje punje kwenye picha, zitaonekana mapema kidogo, hilo ni kweli. Lakini kati ya mtu mwenye kamera mbili za namna hiyo na mtu mwenye fulu fremu moja asiye na akiba, harusi ya dada yangu ningempa wa kwanza.

Sasa lenzi, na hapa msimamo wangu ni mkali zaidi. Wengi wataanza kwa kukushauri 24-70 ya f/2.8, lenzi ya kuvuta inayofanya karibu kila kitu (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi). Siitukani, inaokoa muda na inastahili heshima yake. Ila ukishakuwa na kamera mbili mabegani, haja ya kuvuta inapungua mno. Mimi naweka 35 kwenye moja na 85 kwenye nyingine, zote zisizovuta, zinazofunguka hadi f/1.4 au f/1.8. Ya 35 inachukua chumba, watu na tukio zima. Ya 85 inachukua nyuso. Hakuna kubadilisha lenzi katikati ya ibada, hakuna vumbi linaloingia kwenye sensa, hakuna kupiga magoti pembeni na kifuniko mdomoni wakati viapo vinaendelea.

Faida kubwa ni mwanga. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 mwanga unaoingia ni mara nne. Chukua ukumbi uliozimwa taa kubwa ili maharusi wacheze. Kwa f/2.8, na shata kwenye 1/200 ya sekunde, kamera inaweza kukudai ISO 6400; ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga, na ikipanda chenga huongezeka. Kwa f/1.4, palepale, inakudai 1600. Au ugawane faida hiyo: ISO ishuke hadi 3200 na shata ipande hadi 1/400, mkono wa bibi harusi anaouzungusha hewani usitoke ukungu. Utaambiwa kwamba kamera za sasa zina sensa inayotulizwa na kwamba unaweza kupiga kwa shata ya polepole. Utulivu huo unasaidia mkono wako unaotetemeka. Haumsimamishi anayecheza. Na ile f/1.8 ya bei nafuu isikufanye ujione mnyonge mbele ya mwenye f/1.4: tofauti yao haifiki hatua moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, wakati tofauti ya bei na uzito ni kubwa.

Lenzi ikiweza kufunguka sana, haimaanishi uifungue sana kila wakati. Ukisimama mita 2 kutoka kwa maharusi na lenzi ya 85 kwenye f/1.4, sehemu iliyo kali kwenye fulu fremu ina kina cha sentimita 5 hivi. Bwana harusi akiwa nyuma ya bega la mkewe kidogo tu, macho yake yameshatoka nje ya hapo. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha itaonekana safi. Kwenye albamu ndipo mama yake atauliza kwa nini mwanangu hana macho. Mtu mmoja, fungua. Watu wawili, panda hadi f/2.8 au zaidi, na uwapange vichwa vyao viwe umbali mmoja kutoka kwako. Picha ya ukoo mzima wenye mistari mitatu inataka f/5.6 hadi f/8, na wale wa pembeni wasikae mwisho kabisa wa fremu, maana lenzi pana huwanenepesha. Shangazi yako hatakusamehe.

Hapa pia kamera zisizo na kioo cha ndani zimenishinda kwa hoja, ingawa DSLR, zile zenye kioo hicho, nazipenda bado. Gauni jeupe linaidanganya kamera. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, gauni likatoka kijivu na uso wa mwenye ngozi nyeusi ukazama gizani. Suti nyeusi hufanya kinyume, mwanga unaongezwa hadi paji la uso linawaka. Kwenye DSLR unalijua hilo kwa uzoefu, au unaligundua baada ya kubofya. Kwenye kamera isiyo na kioo unaliona kwenye kitundu cha kutazamia kabla hujabofya, unazungusha gurudumu la kurekebisha mwanga, unaendelea. Kwa uso mweusi juu ya gauni jeupe, mimi napima kwa uso kwanza, nikiangalia tu nakshi za gauni zisipotee kabisa. Faili iwe RAW, yaani ghafi kama sensa ilivyoinasa, ili kilichobaki kirekebishwe baadaye.

Uzuri mwingine wa kamera hizo ni shata isiyotoa sauti, na watu huipokea kwa furaha bila kuuliza inafanyaje kazi. Sensa nyingi husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Taa za LED nyingi nazo huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Vikikutana, picha inatoka na mistari ya giza na mwanga juu ya uso wa mchungaji, na hakuna programu inayoisafisha vizuri. Kwenye kamera nyingi flashi nayo haiwaki ukiwa kwenye shata hiyo. Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, inasoma sensa nzima kwa mara moja na imeondoa tatizo la kusomwa kwa zamu, lakini bei yake ni ya watu wengine kabisa. Wewe fika mapema, piga picha chache chini ya taa za pale, zikuze, utafute mistari. Ukiiona, rudi kwenye shata ya kawaida. Mlio mdogo wakati wa viapo unavumilika kuliko picha iliyoharibika.

Flashi nimeitaja mwanzoni na siitaji kwa adabu tu. Kabla ya lenzi ya tatu, nunua flashi mbili. Ielekeze moja kwenye dari jeupe au ukuta ulio nyuma yako, na mwanga utarudi laini kwenye nyuso. Ukumbi wenye taa za zambarau na bluu hauponywi na lenzi yoyote duniani. Rangi ya ngozi ikishamezwa na taa ya bluu, f/1.4 inakuongezea bluu tu.

Lenzi ya 70-200 f/2.8 ni tamu, na kuna ibada ambazo huruhusiwi kusogea karibu, hivyo bila hiyo huna picha. Lakini ni nzito, ni ghali, na wengi wetu tunaihitaji kwa nusu saa. Ikodi siku hiyo. Picha za pete kwa karibu nazo hazidai lenzi ya makro: lenzi nyingi za 85 hazifokasi karibu zaidi ya sentimita 80 hivi, lakini kuna vipande vya kurefushia, vitupu, visivyo na kioo ndani, vinavyokaa kati ya lenzi na kamera na kuisogeza karibu.

Mwenye lenzi za zamani za DSLR asikimbilie kuziuza akihamia kamera mpya. Za Canon EF hufanya kazi vizuri sana kwenye kamera zake mpya, zile za RF, kwa adapta. Kwa Nikon, soma herufi zilizoandikwa kwenye lenzi kabla ya kutoa fedha: zile za AF-D huzungushwa na mota iliyomo ndani ya kamera, na adapta ya FTZ, inayoziunganisha na kamera mpya za Nikon, haina mota hiyo, kwa hiyo utabaki kufokasi kwa mkono. Harusini, gizani, na watu wanacheza, usijipe kazi hiyo.

Na kama una kamera moja tu, na kazi umeshaikubali, kodi ya pili ya aina ileile unayoitumia. Ichukue siku moja kabla, uichaji, uisete kama yako, upige nayo nyumbani hadi vidole viizoee. Gharama hiyo iingize kwenye bei unayomtajia mteja, na akiuliza kwa nini umebeba mbili, mweleze. Sijawahi kukutana na mteja aliyekasirika kwa kuelezwa hivyo.