Mwandishi katokea wapi? Hoja ya "mimi nilitoka chini" kwenye vitabu vya wahafidhina wa Marekani

Kila tukikaa na washkaji tukaanza kuongelea vitabu vya pesa na siasa za mrengo wa kulia wa Marekani, mjadala unakwama palepale. Mmoja anasema huyo usimsikilize kazaliwa kwenye hela, mwingine anasema huyu msikilize katoka chini kabisa, na kitabu chenyewe kinabaki hakijaguswa. Hili swali la asili ya mwandishi nimelifikiria sana maana vitabu hivi vinasomwa mno huku kwetu, na naona pande zote mbili zina kitu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wahafidhina wote wametoka nyumba moja. William F. Buckley Jr. aliyeanzisha jarida la National Review mwaka 1955 alikuwa mtoto wa tajiri wa mafuta, kasoma Yale. Mwandishi wa riwaya Ayn Rand (yeye mwenyewe alilikataa jina la mhafidhina lakini wahafidhina wengi wamemsoma) alizaliwa Urusi 1905, Wabolsheviki wakaichukua famasi ya baba yake, akaingia Marekani 1926. Milton Friedman, mwanauchumi mtetezi wa soko huria, ni mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Hungary, baba yake alifariki yeye akiwa bado sekondari. Alafu kuna Thomas Sowell, mwanauchumi mweusi, na huyu naomba nikae naye kidogo.

Sowell alizaliwa 1930 Gastonia, North Carolina, baba yake kashafariki kabla hajazaliwa, akalelewa na bibi wa ukoo, wakahamia Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, akiwa bado mdogo. Sekondari aliiacha njiani, akapita jeshini, akasoma masomo ya jioni chuo cha Howard, akahamia Harvard akamaliza 1958, na shahada ya uzamivu akaichukua Chicago 1968. Sasa wengi wanaosema ni umaskini wa Harlem uliomfanya mhafidhina wanaruka kitu kimoja, kwamba ujana wake wote alikuwa Mmarx (mfuasi wa mawazo ya kijamaa ya Karl Marx), na hata darasa la Friedman alilikaa akatoka bado Mmarx! Kilichombadilisha kwa maelezo yake mwenyewe ni kazi ya muda aliyoifanya Wizara ya Kazi mwaka 1960, alikuwa anaangalia kima cha chini cha mshahara kwenye viwanda vya sukari Puerto Rico, ajira zilikuwa zinashuka, upande mmoja unasema ni mshahara umepandishwa, upande mwingine unasema ni vimbunga vimeharibu miwa. Yeye akapendekeza wakusanye takwimu za miwa iliyokuwa imesimama shambani kabla ya kimbunga ili ijulikane nani mkweli. Anasema wakubwa wa ofisi hawakuifurahia hiyo hoja hata kidogo, akaona sheria ile ndio inayowapa sehemu kubwa ya bajeti yao, kwahiyo hawakuwa na haraka ya kujua jibu.

Hapo ndio naona asili ya mtu inasaidia na inaishia wapi. Harlem inakueleza kwanini Sowell alijali masikini weusi wanapoteza ajira, haikuelezi kama alipata jibu sahihi. Mwandishi mweusi James Baldwin naye alikulia Harlem hiyo hiyo, miaka michache tu mbele yake, akaandika mambo ya upande mwingine kabisa. Na swali la mshahara lenyewe halikumalizwa na hadithi ya maisha ya mtu, mwaka 1994 wanauchumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya fasta fudi ya New Jersey, ambako mshahara ulipandishwa, na ya majirani zao Pennsylvania, hawakuona ajira kupungua. Wenzao wakawapinga kwa takwimu nyingine, ubishi ukaendelea, na Card akapewa Nobel 2021. Hakuna aliyeuliza nani kati yao alilala njaa utotoni. Kwa mwandishi wa namna hii nafuata lile tulilofundishwa tangu madrasa, angalia kilichosemwa usiangalie aliyesema.

Ila wapo ambao maisha yao NDIO ushahidi wenyewe, na hapa sikubaliani na wanaosema tusiwachimbe.

Mfano mkubwa ni Robert Kiyosaki, ambaye kitabu chake cha 1997 cha baba tajiri na baba maskini sidhani kama kuna mtu hapa mjini hajawahi kukiona kimetandazwa chini pembeni ya barabara. Mimi nilikisoma chuo kwa kuazima na nakiri kilinifungua macho, habari ya kutofautisha kitu kinachokuingizia na kinachokutoa hela ilinikaa mpaka leo. Lakini yule "baba maskini", yaani baba yake mzazi, alikuwa mkuu wa elimu wa jimbo zima la Hawaii, na aliwahi hata kugombea unaibu gavana. Baba tajiri, yule baba wa rafiki yake anayesema alimfundisha mambo ya pesa, kwa miaka mingi hakutajwa jina, waandishi wa habari walimtafuta wakahangaika. Na mwaka 2012 kampuni moja ya Kiyosaki iliomba kufilisiwa baada ya mahakama kuiamuru ilipe karibu dola milioni 24. Wanaomtetea wanasema somo ni somo hata kama mhusika ni wa kutunga, kama sungura na fisi wa hadithi za bibi. Nawaelewa, lakini bibi hakutuambia tuache kazi kwasababu sungura alifanikiwa. Ukiniambia "fanya hivi kwasababu mimi ilinitokea", basi lazima nijue kama ilikutokea kweli.

J.D. Vance, mwanasiasa wa chama cha Republican, yupo katikati na ndio maana ananipa shida zaidi. Alizaliwa 1984 Middletown, Ohio, mama yake alipambana na madawa ya kulevya, bibi yake ndio akamshika, na kitabu chake cha 2016 kinasema kwamba sehemu ya matatizo ya watu wake ni tabia na kukata tamaa, sio uchumi peke yake. Watu wa milima ya Appalachia wengine walimjibu kwamba yeye kakulia mji wa viwanda Ohio, hawezi kuwasemea eneo zima kwa kuangalia familia moja. Hoja nzito. Ila na yeye ana haki ya kusema alichokiona ndani ya nyumba yao, maana watafiti wengi hawajawahi kulala kwenye nyumba kama ile.

Watu wa kushoto wanapenda pia kumkumbusha kwamba chuo cha Ohio State alisomeshwa na mpango wa serikali kwa waliotumikia jeshi, kama wanavyomkumbusha marehemu Friedman kwamba kazi zake za mwanzo zilikuwa za serikali, na kwamba wakati wa vita alisaidia kutengeneza utaratibu wa kukata kodi kwenye mshahara. Kwa Friedman sioni kosa, aliyekaa ndani ya mashine anaweza kuijua ubaya wake kuliko wa nje. Kwa Vance ni tofauti, kwasababu simulizi yake inauliza nini kilimtoa mtoto yule pale alipokuwa, na bibi yupo kwenye jibu, jeshi lipo, na ile ada iliyolipwa na serikali ipo. Sasa hivi ni makamu wa rais, na bajeti za kuwasaidia watoto kama aliyekuwa yeye zinapita karibu na meza yake.