Marathoni haikatwi katikati

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, nilikesha sebuleni na baba yangu tukitazama marathoni ya wanaume ya Mashindano ya Dunia kutoka Tokyo. Zilipobaki kilomita chache, kituo tulichokuwa tukikitazama kikaingiza matangazo ya biashara: sabuni, vifurushi vya simu, kisha sabuni ileile. Baba, aliyekuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akaniuliza, "Simbu yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Picha iliporudi mbio zilikuwa zinaingia ukingoni, na dakika chache baadaye Alphonce Simbu akamfikia Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstarini ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Baba alilia, nami nikalia, lakini kilichompa Simbu nafasi ya kuwa pale hatukukiona.

Anayepanga matangazo hayo anadhani kwamba marathoni ni mwanzo na mwisho, na kwamba katikati pana watu wanaokimbia tu. Sivyo hata kidogo. Kilomita 42.195 huamuliwa pale ambapo mtu mmoja anaongeza kasi na wengine wanatazamana, au pale anayeongoza anapoanza kugeuka nyuma. Katika London Marathon ya mwaka 2023, Sifan Hassan, aliyekuwa akikimbia marathoni yake ya kwanza, alisimama barabarani kunyoosha nyonga, akaachwa, kisha akawafuata wenzake hatua kwa hatua hadi akashinda kwa saa 2:18:33. Anayeonyeshwa utepe peke yake ameona mwanamke akishinda kwa sekunde chache. Aliyeonyeshwa pengo likipungua ameona mojawapo ya mbio za ajabu kuliko zote. Siku hiyohiyo marehemu Kelvin Kiptum alikimbia nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 45, kasi ambayo haiwezi kueleweka bila kuwaona waliokuwa wakijaribu kumfuata.

Nakubali kwamba haki za kuonyesha zinagharimu fedha nyingi, kwamba kituo chetu hupokea picha zilizochaguliwa na wengine, na kwamba matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa mishahara. Basi yawekwe katika nusu saa ya kwanza, kundi likiwa bado limeshikana, au kioo kigawanywe ili mbio ziendelee upande mmoja. Watangazaji nao wajifunze majina ya wakimbiaji, kwa maana "Mkenya huyu" si jina la mtu.

Boston Marathon hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, na kwa saa zetu huanza jioni, watu wakiwa macho. Huko ndiko Simbu alikomaliza wa pili mwaka 2025 kwa saa 2:05:04. Kituo kitakachopata haki za mbio hizo nakiomba kitu kimoja: kuanzia kilomita ya 26, vilima vya Newton vinapoanza, hadi mtu wa kwanza atakapokata utepe, kituachie picha.